Malango ya Kijani

Maji ya Ghuba ya Winam yana rangi mbili za kijani, na aliyeishi Kisumu vya kutosha hazichanganyi. Ya kwanza ni ya magugumaji: majani mapana yanayong'aa, yamesimama juu ya vikonyo vilivyojaa hewa, yakienda kwa kundi kufuata upepo. Asubuhi yako ufuo wa Dunga, jioni yamehamia ufuo mwingine na kuwafungia watu njia ya kutoka. Ya pili haina jani wala mzizi. Hujitokeza siku za joto zisizo na upepo, ikatanda juu ya maji, ikasukumwa hadi ukingoni, ikakauka juu ya mawe na kuacha doa lenye usamawati. Ikianza kuoza hunuka. Mvuvi hana hamu na yoyote kati ya hizo: moja humzuilia mtumbwi, nyingine huharibu maji ambayo nyumbani kwake yatachotwa ya kupikia.

Rangi hizo mbili ni za ukoo mmoja, na ukoo huo unasomeka katika jeni kama ulivyo wa mtu na binamu yake. Una matawi mengine mawili hapa hapa kandokando ya ziwa. Moja liko shambani, kwenye mizizi ya mahindi. Jingine limejificha ndani ya damu ya mtoto anayetetemeka kwa homa. Shuleni tulifundishwa kwamba habari ya kijani ni habari ya mwanga. Nimeanza kuamini kwamba mwanga ni nusu tu ya habari hiyo, na pengine nusu ndogo. Nusu nyingine ni milango.

Nianze na ile rangi isiyo na jani. Wengi wetu huiita mwani, ingawa ni bakteria: sianobakteria, na katika Winam wanaotajwa sana ni wale wa jenasi za Microcystis na Dolichospermum. Wameneemeka kwa sababu tumewalisha. Mito ya Nyando, Sondu-Miriu na Kibos huleta udongo na mbolea za mashambani. Mto Kisat huongeza maji taka ya mji. Ghuba yenyewe ina kina kifupi, nayo hutokea ziwani kupitia mlango mwembamba karibu na Rusinga, hivyo kinachoingia hukawia kutoka. Baadhi ya Microcystis hutoa sumu inayoshambulia ini, mikrosistini, na kuchemsha maji hakuiondoi. Hilo la kuchemsha lingestahili kubandikwa kwenye kila kituo cha kuchotea maji, lakini tuliache.

Bakteria wa jamii hiyo ndio walioanzisha mambo. Zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, seli moja kubwa ilimmeza sianobakteria na, badala ya kumyeyusha, ikaishi naye. Mrusi Konstantin Mereschkowsky alilitoa wazo hilo mwaka 1905. Wenzake wengi hawakulijali. Mwaka 1967 Mmarekani Lynn Margulis akalirudisha katika makala iliyokuwa imekataliwa na majarida kadhaa. Leo halina ubishi. Kila chembe ya kijani iliyo ndani ya jani la gugumaji, la sukumawiki, la mwembe wowote wa mtaa wa Milimani, yaani kloroplasti, ni mzao wa yule aliyemezwa.

Habari hii husimuliwa mara nyingi kwa furaha, kana kwamba ni ndoa iliyofungwa kwa hiari. Mimi naona ndani yake jambo zito zaidi. Yule mgeni aliingia na jeni zake elfu kadhaa. Katika vizazi vilivyofuata nyingi zilipotea, na nyingine nyingi zilihama, kidogo kidogo, zikaenda kukaa katika kiini cha seli ya mwenyeji. Kloroplasti ya mmea wa leo huhitaji protini zipatazo 3,000 ili ifanye kazi zake, lakini yenyewe imebakiwa na maagizo ya kutengeneza kama 80 tu. Zilizobaki hutengenezwa nje yake, katika uwazi wa seli, kwa amri ya kiini. Kisha lazima ziingizwe. Na katikati pana tando mbili za mafuta zilizoizunguka kloroplasti yote, halafu ndani kabisa pana utando wa tatu, thailakoidi, uliokunjwa tabaka juu ya tabaka. Huko ndiko mwanga unakonaswa.

Binti ya dada yangu, aliye sekondari, aliwahi kunionyesha mchoro wa usanisinuru katika daftari lake. Jua pembeni, mshale wa mwanga. Kabonidayoksaidi inaingia, maji yanapanda, oksijeni inatoka, sukari inabaki. Mchoro ule ule niliouchora mimi. Hakuna mahali ulipoonyesha kwamba kile kiwanda chenyewe kimejengwa kwa vipuri vilivyotoka nje, na kwamba kila kipuri kilipitishwa mlangoni kimoja kimoja. Mwanafunzi anaweza kumaliza Kidato cha Nne akidhani jani ni la kijani kwa sababu jua linawaka.

Chukua protini moja tu, ile inayoshika klorofili na kukusanya mwanga. Wataalamu huiita LHC, na inasemekana hakuna protini ya utando iliyo nyingi kuliko hiyo duniani. Jani moja la gugumaji linaloelea mbele ya Dunga limeijaa. Huzaliwa kwenye ribosomu, nje ya kloroplasti, na mbele yake ina kipande cha ziada kisicho na kazi yoyote katika kunasa mwanga. Kipande hicho ni anwani. Protini sindikizi huishika isijikunje mapema, kwa sababu iliyokwisha kujikunja haipiti. Kwenye utando wa nje, vipokezi vya lango liitwalo TOC huisoma ile anwani, vikitumia nishati ya GTP. Kisha protini hupenyezwa kama uzi katika tundu la Toc75, na kupokewa na lango la utando wa pili, TIC. Ikishafika ndani, kimeng'enya hukata anwani na kuitupa. Tangu hapo hakuna tena alama iliyoandikwa mbele yake kwamba ilitoka nje.

Safari haijaisha, na hapa ndipo penye shida yenyewe. LHC ina sehemu tatu zinazopenda mafuta na kuchukia maji, kwa kuwa mwisho wa yote zitasimama zikiwa zimeutoboa utando wa thailakoidi. Lakini kati ya lango la TIC na thailakoidi pana majimaji. Anayekula samaki wa mchuzi anajua kinachotokea sahani ikisahaulika hadi ikapoa: mafuta hujitenga, yakashikana mabonge, na huyarudishi kwa kukoroga. Protini hii ikiachwa majini itajikusanya na wenzake vivyo hivyo, na bonge hilo halitanasa mwanga wowote. Mmea una jibu lake, protini iitwayo cpSRP43, ambayo huzifunika zile sehemu za mafuta njia nzima. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba cpSRP43 huweza hata kulivunja bonge la LHC lililokwisha kuundwa, tena bila kutumia nishati ya ATP. Ikiwa pamoja na mwenzake cpSRP54, huifikisha LHC kwa kipokezi cha utandoni na kuikabidhi kwa protini nyingine, Alb3, ambayo huiingiza upande upande katika mafuta ya utando. Hapo hushikana na klorofili, na jani linakuwa jani.

Umuhimu wa Alb3 ulifahamika kwa kuitazama ikikosekana. Mwaka 1997 watafiti walieleza mche wa Arabidopsis, kimmea kidogo cha jamii ya haradali, ambao jeni yake hiyo moja ilikuwa imeharibika. Majani yake yalitoka meupe. Jua lilikuwepo, maji yalikuwepo, na jeni nyingine zote zilikuwa nzima; miche iliweza kukua kidogo ikilishwa sukari, la sivyo ilikufa. Nikiulizwa ushahidi wa hili ninalolisema kuhusu mwanga na milango, nitataja mche huo kabla ya kitu kingine.

Kuna jambo jingine la Alb3 ambalo hunirudisha ukingoni mwa ziwa. Ndugu yake yumo ndani ya bakteria, akiitwa YidC, na sianobakteria wanaye pia. Toc75 nayo ina asili katika protini ya utando wa nje wa sianobakteria. Lakini vile vipokezi vinavyosoma anwani mlangoni havitoki huko, na cpSRP43 haipatikani kwa bakteria hata kidogo. Kwa hiyo njia ambayo protini moja huipita ndani ya jani la gugumaji imeunganishwa kutoka pande mbili: tundu la mgeni, mabawabu wa mwenyeji, kisha ndani kabisa kifaa cha mgeni tena. Lile povu la kijani linalogonga mawe ya Dunga linatumia hadi leo, lenyewe kwa lenyewe, sehemu ya vifaa hivyo hivyo.

Tulijuaje haya yote? Kwa minji, zaidi ya kitu kingine. Minji huota haraka na kloroplasti zake ni rahisi kuzitoa zikiwa nzima. Mwaka 1978 Nam-Hai Chua na Gregory Schmidt kwa upande mmoja, Peter Highfield na John Ellis kwa upande mwingine, walionyesha kwamba protini iliyokwisha kutengenezwa katika neli ya kioo huweza kuingia katika kloroplasti za minji zilizowekwa kando yake, na kwamba inapoingia hupunguzwa urefu. Kilichopungua kilikuwa anwani. Günter Blobel, aliyekuwa ameshirikiana na Chua kabla ya hapo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999 kwa kuonyesha kwamba protini hubeba ndani yao ishara ya mahali zinapopaswa kwenda. Umbo kamili la malango ya TOC na TIC yakiwa yameungana lilichelewa sana kuonekana. Watafiti wa China waliliona mwaka 2022 na 2023, katika mwani wa seli moja, Chlamydomonas.

Usiye na maabara unaweza kuona sehemu ya jambo hili jikoni. Panda punje za mahindi juu ya pamba mbichi katika sahani, uzifunike kwa sufuria nzito isiyopitisha mwanga, uziache hadi ziote. Nilifanya hivyo na yule mpwa wangu. Tulipofunua, miche ilikuwa mirefu, myembamba, ya manjano hafifu, majani bado yamejiviringisha. Akauliza, "Mjomba, klorofili imeenda wapi?" Nikamwambia, "Haijaenda popote, mama. Ilikuwa inasubiri." Tukaiweka dirishani. Haikufika jioni ncha zilikuwa zimeanza kugeuka, na kesho yake miche ilikuwa ya kijani.

Kilichotokea dirishani ni hiki. Gizani, mahindi hutengeneza klorofili hadi hatua moja kabla ya mwisho, na hatua hiyo hungoja mwanga. Mwanga ulipoingia, hatua ikakamilika. Wakati huo huo kiini cha kila seli kikapata habari na kuanza kutoa LHC kwa wingi. Protini hizo na klorofili hungojana: protini ikifika utandoni bila klorofili huvunjwa, na klorofili isiyo na protini ya kuishika ni hatari kwa seli, kwani ikipigwa na jua huzaa oksijeni kali inayochoma kila kitu. Kwa hiyo manjano yalipokuwa yakigeuka kijani mbele ya macho yetu, tulichokuwa tukikitazama ni msongamano mlangoni.

Mwanga una ubaya wake pia, na watu wa Kisumu hawahitaji kuambiwa kuhusu jua la saa saba. Mji uko karibu kabisa na ikweta, ziwa likiwa mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na gugumaji halina kivuli cha kukimbilia. Katikati ya mtambo wa kunasa mwanga kuna protini iitwayo D1. Ndiyo inayoumizwa na jua kuliko zote. Kwenye mwanga mkali huenda isidumu hata saa moja kabla ya kuhitaji kubadilishwa. Vimeng'enya huing'oa iliyoharibika, na mpya huingizwa mahali pale pale, siku nzima, jani likiwa limetulia kana kwamba halina kazi.

D1 haitoki nje. Jeni yake ni mojawapo ya zile chache ambazo kloroplasti imezishikilia kwa miaka yote hiyo bilioni moja, na protini yenyewe huingizwa utandoni ikiwa bado inatengenezwa, ribosomu ikiwa imegusa utando. Kwa nini hii ikabaki nyumbani na LHC ikahama? Wengine husema protini za namna ya D1 zina mafuta mno kiasi kwamba zikitengenezwa nje zingekwama au kupotea njia. John Allen, tangu mwaka 1993, ameshikilia hoja nyingine: kitu kinachoharibika haraka namna hiyo lazima amri ya kukitengeneza iwe karibu, ili kila kloroplasti ijibu hali yake yenyewe bila kungoja kiini. Mimi huvutiwa zaidi na Allen, ingawa hoja hizo mbili hazigombani, na LHC yenyewe, yenye mafuta yake yote, inaonyesha kwamba safari inawezekana ukipata msindikizaji.

Sitaeleza kwa urefu jinsi magugumaji yalivyofika. Yalitoka Amazoni, yakaonekana katika ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980, na kufikia mwaka 1998 yalikuwa yamefunika takriban hekta 17,000 za upande wa Kenya. Fukusi wa jenasi Neochetina waliachiliwa mwaka 1997, mvua za El Niño zikafuata, eneo likapungua, na tangu hapo yamekuwa yakija na kuondoka. Mashine zimenunuliwa, mikutano imefanywa. Naona tumezoea kulitazama gugu hili kama adui aliyetumwa, wakati linachofanya ni kula tulichokimwaga: ile ile naitrojeni na fosforasi inayowalisha sianobakteria. Naitrojeni ndiyo inayojenga protini. Ukipasua jani la gugumaji mbele ya mji, umeshika mikononi sehemu ya maji taka ya mji huo, ikiwa imepita milango yote niliyoitaja na kusimama utandoni.

Kayongo, lile tawi la shambani linalonyonya mizizi ya mahindi, nitaigusa kidogo. Ukiacha ufuo na kupanda kuelekea Maseno, au Siaya, au Vihiga, utaiona katikati ya mahindi yaliyodumaa: maua ya waridi yenye uzambarau, mazuri kwa kweli, na mwenye shamba akiyaona moyo humlegea. Mmea mmoja hutoa mbegu kwa makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni miaka mingi hadi mzizi wa nafaka upite karibu. Kinachoziamsha ni kemikali zitokazo mzizini, strigolaktoni, ambazo uundaji wake huanza ndani ya plastidi za mahindi yenyewe, yaani ndugu wa kloroplasti asiye na kijani, kwa vimeng'enya vilivyoingizwa kwa anwani kama ile ya LHC. Hata dawa ya imazapiri inayopakwa kwenye mbegu za mahindi yaliyopewa jina la Ua Kayongo huishambulia kayongo ndani ya plastidi, kwenye kimeng'enya kilichotoka nje. Watafiti wa icipe huko Mbita walichagua njia nyingine, ya kupanda desmodiamu kati ya mistari, ambayo mizizi yake huichochea kayongo iote pasipo na wa kumnyonya. Kayongo yenyewe bado ina majani ya kijani na kloroplasti, lakini usanisinuru wake ni dhaifu. Sehemu kubwa ya chakula hukipata kwa mwenyeji. Imesimama katikati ya njia, mwanga ukiwa umeanza kupoteza maana kwake.

Kuna aliyefika mwisho wa njia hiyo. Kwenye barabara ya Busia, ukishatoka mjini, uko Kisian, penye kituo cha KEMRI ambacho kimetumia miaka mingi kuchunguza malaria. Kandokando ya ziwa hili ndiko malaria ilikokithiri kuliko sehemu nyingine zote za Kenya. Ndiyo maana chanjo ya RTS,S ilipoanza kutolewa nchini, Septemba 2019, ilianzia Homa Bay. Anayesababisha homa hiyo, Plasmodium falciparum, hufanya kazi gizani, ndani ya ini na ndani ya chembe nyekundu za damu. Kwa miaka kadhaa watafiti walikuwa wameona ndani yake duara dogo la DNA, jozi za herufi zipatazo 35,000, lisilofanana na lile la mitokondria yake. Mwaka 1996 na 1997 likaonyeshwa mahali lilipo. Lilikuwa katika kifuko kidogo chenye tando nne, nacho kilikuwa plastidi. Kikaitwa apikoplasti.

Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Kidudu cha malaria ni mzao wa kiumbe kilichokuwa kikila jua. Babu yake alimmeza mwani mwekundu, mwani ambaye ndani yake tayari kulikuwa na mzao wa sianobakteria. Ndiyo sababu tando ni nne wala si mbili. Ushahidi wa namna maisha hayo yalivyokuwa ulipatikana Australia: mwaka 2008 ilitangazwa kwamba katika matumbawe ya bandari ya Sydney kuna jamaa wa kidudu hiki, Chromera velia, ambaye plastidi yake bado inafanya usanisinuru. Wa kwetu alihamia ndani ya wanyama, mwanga ukakosa kazi, na kila kilichohusu mwanga kikatupwa. Klorofili, LHC, D1, thailakoidi nzima: hakuna hata kimoja kilichosalia.

Malango hayakutupwa. Mamia ya protini bado hutengenezwa kwa amri ya kiini cha kidudu na kupelekwa katika apikoplasti, na mwaka 1998 ilionyeshwa kwamba anwani yake ina sehemu mbili mfululizo. Ya kwanza huiingiza protini katika njia ya kawaida ya seli ya kusafirisha vitu, na hukatwa mapema. Inayofichuka chini yake ni anwani ya namna ile ile inayotumiwa na mimea, na kwenye tando za ndani zimepatikana protini za jamaa ya TOC na TIC. Mtoto aliyelazwa kwa malaria Ahero au Nyalenda anabeba katika damu yake toleo lililochakaa la lango lililo katika jani la mwembe nje ya dirisha la wodi.

Katika apikoplasti hiyo ndipo dawa kadhaa zinapopata pa kushika. Doksisaiklini, ambayo wasafiri na wanajeshi wanaokuja huku humeza kila siku kujikinga, hulenga ribosomu za apikoplasti, ambazo ni za kibakteria kwa asili. Kidudu chenyewe hakifi papo hapo. Kinaendelea kukua, kinagawanyika, kinatoa watoto, na ni watoto hao, waliorithi apikoplasti mbovu, wanaoshindwa kuendelea. Ndiyo maana dawa hiyo peke yake haimfai mgonjwa mahututi, na kwa kawaida hapewi mtoto mdogo wala mjamzito, ambao ndio malaria ya hapa huwaumiza zaidi. Klindamaisini ni ya kundi hilo hilo la kazi, na kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itolewe pamoja na kwinini kwa mwenye mimba ya miezi mitatu ya kwanza, hadi mwaka 2022 liliporuhusu dawa mseto ya AL katika kipindi hicho pia.

Lakini apikoplasti imebaki kwa ajili ya nini, ikiwa mwanga ulikwisha? Mwaka 2011 Ellen Yeh na Joseph DeRisi, huko California, walivikuza vidudu vya malaria katika damu ya maabara, wakaziua apikoplasti zake kwa dawa, na wakati huo huo wakaviongezea molekuli moja ndogo yenye kaboni tano, iitwayo IPP. Vidudu vikaishi. Vikagawanyika kizazi baada ya kizazi bila apikoplasti yoyote, mradi IPP isikosekane. Katika kipindi cha kukaa ndani ya damu, basi, zile tando nne, ile DNA na mamia ya protini zenye anwani mbili mbili vinatunzwa kwa sababu ya molekuli hiyo moja, ambayo kidudu hakina njia nyingine ya kuipata.

Katika vidudu hivyo visivyo na apikoplasti, kiini hakikuacha kutoa amri. Protini zilizokusudiwa kwenda huko ziliendelea kutengenezwa, sehemu ya kwanza ya anwani ikakatwa kama kawaida, na ya pili ikabaki bila kukatwa, kwa kuwa zilikuwa zimetapakaa katika vifuko vidogo ndani ya seli pasipo lango la kufikia. Maabara za malaria zimeigeuza hali hiyo kuwa kipimo. Dawa mpya ikiua vidudu, huongezwa IPP. Vikifufuka, inajulikana kwamba dawa ile iligonga apikoplasti, na kazi ya kutafuta imegonga lango gani, au kifaa gani cha ndani, inaanza.